Bodi ya DSP haiandiki kitu kwenye skrini? Kagua haya kabla ya kununua nyingine

Umeandika programu fupi, umeipakia kwenye bodi, umebonyeza Run. Kimya. Hakuna salamu, hakuna hata ujumbe wa kosa. Wengi wakifika hapo huamua kwamba bodi imeungua, wanaanza kutafuta pesa ya nyingine.

Mara nyingi bodi ni nzima na programu inafanya kazi yake. Kilichopotea ni maandishi tu, tena yamepotelea njiani.

DSP ni prosesa iliyotengenezwa kuchakata ishara za kidijitali, kwa mfano sauti. Maelezo haya yanahusu familia ya C6000 ya Texas Instruments, ambayo programu zake huandikwa kwa Code Composer Studio, yaani CCS.

1. Je, programu inakimbia kweli?

Usianze na maandishi. Andika mistari michache ya kuwasha na kuzima taa ya LED iliyo kwenye bodi. Njia nyingine ni kubonyeza Suspend ndani ya CCS na kuangalia prosesa imesimama mstari gani.

Ikiwa imesimama ndani ya main au kwenye kazi uliyoiandika mwenyewe, programu iko hai. Ikiwa haijawahi kufika main, tatizo si maandishi. Kagua faili la GEL, ambalo kwenye bodi nyingi ndilo linaloandaa saa ya prosesa na kumbukumbu ya DDR wakati CCS inajiunga na bodi.

2. Maandishi yanapita njia gani?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa kawaida, printf ya CCS haipiti kwenye waya wa serial. Inapita kwenye kebo ya JTAG, ileile unayotumia kupakia programu.

Maktaba ya C huweka maneno kwenye kumbukumbu, prosesa inasimama kidogo mahali panapoitwa C$$IO$$, CCS inayasoma na kuyaonyesha, kisha kazi inaendelea. Kwa hiyo ukifungua PuTTY kusubiri printf hiyo, utasubiri mpaka kesho. Na bodi ikijiwasha yenyewe kutoka kwenye flash bila CCS, hakuna wa kuyasoma.

3. Kama unatumia printf

• Weka \n mwisho wa kila ujumbe, au ita fflush(stdout). Bila hivyo maneno yanaweza kubaki yamehifadhiwa yakisubiri mstari ukamilike.

• Ongeza heap. Maktaba huomba kumbukumbu huko ili ihifadhi maneno kabla ya kuyatuma. Heap ikiwa sifuri au ndogo mno, printf inaweza kunyamaza bila kulalamika. Kwenye mipangilio ya linker, jaribu kuweka 0x1000.

• Hakikisha CIO haijazimwa kwenye mipangilio ya debug ya CCS.

• Ukitumia SYS/BIOS, kumbuka kwamba System_printf pamoja na SysMin huweka maneno kwenye kumbukumbu tu. Hayatoki mpaka uite System_flush au programu ifike mwisho. Ukitaka yatoke papo hapo wakati wa majaribio, tumia SysStd.

4. Kama unatumia serial

Anza na umeme. RS-232 ya zamani hutumia volti chanya na hasi zinazoweza kufika 12 au zaidi, wakati pini za UART za prosesa nyingi hutumia volti 3.3 au 1.8. Ukiziunganisha moja kwa moja, hapo ndipo bodi inakufa kweli. Tumia kebo ya USB yenye volti zinazolingana na bodi yako.

Kisha:

• TX ya bodi iende RX ya kebo, RX iende TX, na GND ziunganishwe.

• Pima kebo peke yake: itoe kwenye bodi, unganisha TX na RX zake, kisha andika herufi kwenye PuTTY. Zikirudi, kebo na porti ni salama.

• Weka kasi inayolingana na programu. Inayotumika sana ni 115200, biti 8, bila parity, stop biti 1. Zima flow control.

• Herufi zikitoka zimevurugika, kasi hazilingani. Mara nyingi saa ya prosesa siyo ile iliyotumika kupiga hesabu ya UART.

• Zisipotoka kabisa, kagua pinmux. Pini moja huwa na kazi kadhaa, na lazima programu iiambie kwamba sasa ni ya UART.

Tahadhari: usiweke printf ndani ya interrupt

Sauti ya 48 kHz huleta sampuli mpya kila baada ya takriban mikrosekunde 21. Kwa kuwa printf ya CCS husimamisha prosesa, sampuli zitapotea na sauti itakatika. Utakuwa umepata maandishi lakini umeharibu kazi yenyewe.

Badala yake, hifadhi thamani unazotaka kuziona kwenye array, acha programu ikimbie, kisha isimamishe uzisome kwa debugger. CCS inaweza pia kuzichora kama grafu.

Kwa kifupi

LED kwanza, njia ya maandishi pili, mipangilio tatu. Fuata mpangilio huo, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na maandishi yakatokea, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na kikirudi utaanza upya.