Msukule wa Handeni: Imani Potofu au Kumbukumbu?

Wahakiki wetu wengi wakikutana na hadithi ya msukule huibandika jina la "imani potofu", basi, wakasonga mbele. Makala hii haikubaliani na njia hiyo ya mkato. Msukule anayesimuliwa Handeni na Korogwe ana historia, na asiyeiona historia hiyo huishia kuwanyooshea kidole majirani.

Tuanze na hadithi yenyewe. Mtu anakufa ghafla, analiliwa, anazikwa. Kumbe kilichozikwa ni mgomba! Mwenyewe amechukuliwa, kakatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analimishwa shamba la mtu. Hana ujira, na akipishana na nduguye hawezi kumwita. Sasa ondoa uchawi katika maelezo hayo. Anayebaki ni nani kama si mtumwa?

Wazigua waliujua utumwa kwa pande zote mbili. Katika njaa ya miaka ya 1830, ambayo masimulizi huiita Kidyakingo kwa kuwa watu walifikia kula ngozi, wengi walipakiwa majahazini kwa ahadi ya kazi na chakula, wakauzwa Barawa na bonde la Shabelle. Nyumbani hakuna aliyeona maiti wala kaburi. Masimulizi yanasema kwamba waliotoroka waliongozwa na mwanamke mganga, Wanankhucha, wakajenga vijiji kando ya mto Juba na kuendelea kusema Kizigua chao. Wasomali waliwabagua kwa nywele zao, wakawaita jareer. Vita vya 1991 vikawatawanya, na baadhi yao wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu, halafu katika makazi ya Chogo kuanzia 2003. Hebu fikiri: watu waliopotea zaidi ya miaka 150 wanarudi, na lugha ni ileile! Hapa hadithi inapinduka, maana huyu "msukule" hakukatwa ulimi.

Lakini tusiwapake Wazigua mafuta. Katika karne hiyohiyo Wazigua wenye bunduki walivamia Usambaa na kuteka watu. Na Wasambaa nao? Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, ufalme uliingia vitani wenyewe kwa wenyewe, na mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, naye alifanya biashara ya watumwa. Kwa maoni yangu ndiyo sababu mwenye misukule hutafutwa ng'ambo, kwa kabila jingine au kwa tajiri aliyehamia. Kila upande unakumbuka waliochukuliwa, ila unasahau iliowachukua.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, aliligusa jambo hili katika Kusadikika (1951), ingawa hakumtaja msukule. Wajumbe wanatumwa nchi za jirani, na wakirudi na habari njema wanafungwa. Tumezoea kukisoma kitabu hicho kama fumbo dhidi ya mkoloni tu. Ni sawa, lakini kinahusu pia watu wasiotaka kusikia kwamba jirani ana jema lolote.

Kisha ukaja mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakahitaji mikono. Wafanyakazi waliletwa kutoka Songea, Njombe na Kigoma, na kuanzia 1944 chombo cha waajiri, SILABU, ndicho kilichowakusanya. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba. Wengine hawakurudi kwao. Wenyeji nao walilifanya jina hilo kuwa tusi, bila kujali kwamba babu zao walipitia yaleyale.

Msomaji ataniuliza: mbona msukule yuko Mbeya pia, na huko hakuna habari za Barawa? Swali zuri. Lakini vijana wa Mbeya nao walikwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, na kuna mama waliongoja barua hadi wakachoka.