Zidaka: Ukuta Unaokuza Chumba

Mahali: ndani, chumba cha nyuma cha nyumba ya mawe, Lamu
Umri: karne ya 18
Vifaa: mawe ya matumbawe na chokaa

Mbele yako kuna safu za zidaka, vishubaka vilivyojengwa ukutani na kuzungushiwa nakshi za chokaa. Chumba hiki ni chembamba kwa sababu ya dari yake. Boriti za mikoko hubeba mzigo mzito wa mawe na chokaa, hivyo upana wa chumba hauzidi mita 3 hivi. Mafundi wa Lamu hawakuweza kukipanua, wakakipanua machoni.

Simama kwanza mlangoni. Kivuli kilichotulia katika kila kidaka huufanya ukuta uonekane uko mbali zaidi. Sasa sogea: ukuta uko karibu, na kidaka kinatosha bakuli tu. Sakafu nayo hupanda kidato kwa kidato, kutoka msana wa tini (ukumbi wa chini) hadi msana wa yuu (ukumbi wa juu) hadi hapa ndani, ikivuta jicho mbele.

Hapa palikuwa pa mama wa nyumba. Zidakani aliweka vyombo vya kauri kutoka China, fahari ya ukoo.

Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Mgeni uliyetoka Wenje, Hola au Garsen, urithi huu ni wako pia. Utazame utosheke, lakini usiuguse: jasho la mikono huila chokaa.