New Smyrna Beach: Mawimbi Matamu, Papa Kibao

Tangu nianze kutaja hapa habari za kuteleza mawimbini kwa ubao, watu wameniuliza maswali mawili tu: wapi, na papa je? Leo najibu yote mawili kwa mpigo, maana pwani ninayoijua ina sifa kwa vyote viwili.

New Smyrna Beach ipo jimbo la Florida, Marekani, upande wa Atlantiki, kama saa moja na kitu kwa gari kutoka Orlando. Kaskazini mwa mji kuna mlango wa bahari unaoitwa Ponce de Leon Inlet. Ng'ambo ya mlango unaona mnara wa taa mwekundu, umekamilika 1887, urefu wake mita 53 hivi. Watu wa ubao wanajazana upande wa kusini, karibu na ukuta wa mawe ulioingia baharini.

Kwa nini pale? Jibu ni mchanga. Mkondo unasukuma mchanga kando ya pwani, ukifika mlangoni unakutana na maji yanayoingia na kutoka kila siku. Maji yakipwa yanautoa mchanga nje na kuumwaga, linatokea fungu. Wimbi likitoka kwenye kina na kugusa fungu linapunguza mwendo, linasimama, halafu linavunjika kuanzia sehemu moja kwenda pembeni. Hiyo ndiyo raha yenyewe, unateleza mbele ya povu. Wimbi likivunjika lote kwa pamoja halina maana, linakubwaga tu. Ndio maana siku ambazo pwani nyingine za Florida zimelala kama bwawa, pale mara nyingi kuna kitu. Sisi tuliokulia Pwani ya Afrika Mashariki tumezoea matumbawe kuvunja mawimbi kule mbali, ufukweni maji yametulia. Kule Florida kaskazini hakuna ukuta huo.

Lakini fungu linahama. Ramani ya mwaka jana isikudanganye, kaa ufukweni robo saa uangalie kwanza. Upepo wa magharibi, unaotoka nchi kavu, unanyoosha wimbi vizuri; wa baharini unalivuruga. Mawimbi makubwa huletwa na vimbunga, hasa Agosti mpaka Oktoba, na dhoruba za kipupwe. Kipupwe ukienda bila suti ya mpira utajuta, maji ni baridi kweli.

Sasa papa. Kaunti ya Volusia, ambako mji huu upo, ndiyo inayoongoza duniani kwa watu kuumwa na papa. Kumbukumbu zinazotunzwa na Chuo Kikuu cha Florida zina matukio zaidi ya 300. Mwaka 2001 vyombo vya habari vya Marekani vilipiga kelele majira yote ya joto. Jamani, msiogope kabla ya kusikia lililobaki: karibu wote wanapona. Wengi wa hawa ni papa wenye ncha nyeusi, si wakubwa, wanafuata makundi ya samaki wadogo yanayopita mlangoni. Maji yana tope, papa anaona nyayo inapepea, anadhani ni samaki. Anang'ata, anaachia, anaondoka. Kwa hiyo majeraha mengi ni ya miguu na mikono. Mishono inauma, hilo sikatai.

Mimi nikiona samaki wanarukaruka na ndege wanapiga mbizi, natoka majini bila kubishana na mtu. Alfajiri na magharibi siingii. Cheni na pete zinazong'aa naacha nyumbani. Mwenzako akiumwa, mtoe majini haraka, bana jeraha kwa nguvu na kitambaa, ita waokoaji. Bendera ya zambarau maana yake kuna viumbe hatari, nyekundu moja ni bahari chafu, nyekundu mbili hakuna kuingia.

Kwa maoni yangu hatari ya kuheshimu zaidi ni mkondo. Maji yakipwa, mlango unatapika kwa nguvu, na pembeni mwa ukuta kuna mkondo unaokwenda nje. Usipigane nao ukielekea nchi kavu, utachoka bure. Shikilia ubao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Kamba ya mguuni usiivue, ndiyo inayokuunganisha na ubao wako.

Adabu nayo ipo. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanzia kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Ukimkatia njia utasikia matusi ya Kiingereza ambayo shuleni hawafundishi. Wageni wajifunzie kusini zaidi, mbali na ukuta, kwenye watu wachache. Na ukiwa umelala mchangani angalia nyuma: baadhi ya sehemu za ufukwe ule magari yanaruhusiwa kupita.

Mdau aliyewahi kupanda ubao popote pale, iwe Durban au Dakar, atupe habari kwenye maoni hapo chini.