Jiko la Mathe Linajua Historia ya Mafuta Kuliko Anko

Wasee, Krismasi iliyopita nilibishana na anko wangu kuhusu mafuta. Tulikuwa kwa shosho, tumekula tukashiba, stori zikaingia kwa bei ya petroli. Anko akasema, "Wacha ipande. Ikipanda watu watajifunza kubana matumizi, na hata miti itapona." Anko ana gari, na kwake wanapika na gesi.

Nikamwambia, "Anko, kwa heshima, historia ya hii nchi haisemi hivyo."

Akacheka. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili. Utanifunza historia wewe?"

Nikanyamaza, kwa sababu ni anko. Lakini jibu nilikuwa nalo, na leo naliweka hapa.

Tuanzie 1973. Oktoba mwaka huo kulikuwa na vita kati ya Israeli na majirani zake, na nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta zikabana. Pipa lililokuwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 kufikia Januari 1974. Sisi hatukuwa na kisima hata kimoja. Mafuta ghafi yalishuka Mombasa, yakasafishwa Changamwe, na bei tulipangiwa na dunia. Halafu 1979 mapinduzi ya Iran yakairusha bei tena.

Kama anko ana ukweli, hiyo miaka ndiyo misitu yetu ingepumua. Lakini mtu akishindwa na mafuta ya taa, haachi kula. Anaenda kwa makaa. Na makaa ni mti. Kwenye yale matanuri ya kufukia na udongo, kilo 1 ya makaa inaweza kumeza kilo 6 hadi 10 za kuni. Yaani bei ya pipa ikipanda huko nje, msumeno unalia huku kwetu.

Watu walikuwa wanaona hii kitu. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walitembea kutoka KICC hadi Kamukunji wakapanda miti 7. Hapo ndipo Green Belt Movement ilianzia. Sasa ukienda Kamukunji leo, unajua utasikia nini? Nyundo. Hapo ndipo mafundi wa jua kali hugonga majiko, na jiko ndilo sehemu ya hii historia ambayo hatufunzwi.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Moto unatoka kila upande, sufuria inapata kidogo, wewe unachomwa miguu. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati hapa Nairobi, na miaka hiyo wataalamu, mafundi na vikundi vya kina mama wakaanza kurekebisha jiko. Waliangalia jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani. Walijaribu, mengine yakapasuka, wakabadilisha umbo, wakalipa kiuno ili udongo ukae na jiko lisianguke mtu akisonga ugali. Likaitwa Kenya Ceramic Jiko. Lilipunguza makaa kwa theluthi au zaidi. Mwanzoni lilikuwa ghali, lakini mafundi wengi wakaiga, bei ikashuka, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limeingia karibu nusu ya nyumba za mjini.

Cheki vizuri. Hakuna aliyeambiwa ale ugali kidogo. Hakuna aliyeadhibiwa. Watu walipewa kitu bora, kwa bei wanayoweza, wakabana matumizi wenyewe.

Hapa anko angenishika: kama jiko lilifaulu, mbona misitu iliendelea kuisha? Swali poa. Mwaka 1865 Mwingereza mmoja, William Stanley Jevons, aliandika kwamba mashine za mvuke zilivyozidi kutumia makaa ya mawe kidogo, ndivyo Uingereza ilivyozidi kuyachoma, kwa sababu mashine ziliongezeka. Hata sisi, jiko moja lilikula kidogo, lakini majiko yakawa mengi. Sensa ya 1979 ilihesabu watu milioni 15.3. Ile ya 2019, milioni 47.6. Kwa hivyo jiko zuri pekee halitoshi. Lazima watu wapate njia ya kutoka kwa makaa kabisa.

Sasa ona kilichotokea walipojaribu kutoka. Mathe huuza chapati na maharagwe kando ya barabara. Alikuwa anapikia stovu ya mafuta ya taa. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, makaa yakapanda vibaya. Septemba mwaka huo huo, mafuta ya taa yakaongezwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ati kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, na juu yake VAT ya asilimia 8. Mathe akarudi kwa makaa, hata yakiwa ghali, kwa sababu makaa unaweza kununua mkebe mmoja ukapika. Mvua ikinyesha alipikia ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa. Ilikuwa tu bahati hatukulala tusiamke.

Tukachanga tukanunua mtungi wa gesi wa kilo 6. Julai 2021 gesi ikawekewa VAT ya asilimia 16. Mtungi ukakaa kona, tukaweka redio juu. VAT hiyo ilipunguzwa 2022 na ikatolewa 2023, lakini hiyo miaka katikati tuliichoma kwa makaa.

Septemba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64 na mafuta ya taa 202.61. Anko alilalamika sana, lakini gari lake halikulala hata siku moja. Mathe ndiye aliyeacha kupika maharagwe, kwa sababu yanakula moto. Sasa niambie, kati ya hao wawili nani alibana? Na nani ndiye hutumia sana?

Kitu inaniuma ni hii. Mwaka ule ule wa 1981, Olkaria ilianza kutoa stima kwa mvuke wa ardhini, na leo stima yetu nyingi ni safi. Lakini sensa ya 2019 ilipouliza watu wanapikia nini, asilimia 55.1 ya nyumba zilisema kuni na 11.6 makaa. Stima haikufika hata nyumba 1 kwa 100.

Sipingi ushuru. Mwenye kuchoma sana alipe sana, na petroli ya gari la mtu mmoja si sawa na lita ya kupikia ya mama. Lakini kabla serikali ifunge njia ya mafuta ya taa, gesi iwe tayari imeshuka hadi kwa mkono wa mathe. Ukifunga kwanza, anarudi msituni.

Ukifika nyumbani leo, muulize shosho au mathe amepikia nini tangu aolewe, na ni mwaka gani alibadilisha. Halafu muulize kwa nini. Mimi nitamuuliza anko Pasaka, tukimaliza kula.