Chukudu, gari la mti la Goma

Asubuhi, barabara ya kutoka Kibumba kuingia Goma, mashariki mwa Kongo, hujaa magari ya mbao. Hayana injini, pedali wala mnyororo. Kila moja lina magurudumu mawili, usukani wa mti, na viazi, kabichi au magunia ya makaa yaliyopangwa hadi kifuani mwa dereva. Hizo ndizo chukudu, na kwa takriban miaka hamsini zimefanya kazi ambayo miji mingine huyaachia malori.

Zilianza kuonekana katika jimbo la Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, chini ya utawala wa Rais Mobutu. Mwaka 1973 biashara za wageni ziligawiwa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, muda si mrefu bei ya shaba iliyoitegemeza nchi ikaporomoka, na uchumi ukaingia katika dhiki: barabara zikachakaa, vipuri na mafuta vikaadimika. Mkulima wa milimani alikuwa na mazao bila gari. Alichokuwa nacho ni mti, panga na mteremko. Goma iko chini, ukingoni mwa Ziwa Kivu, na mashamba mengi yanayoilisha yako juu yake. Mzigo hushuka kwa uzito wake wenyewe, na chukudu hupandishwa tupu.

Kiunzi chake huwa na urefu wa kama mita 2. Fundi hutumia mbao ngumu za mumba na mikaratusi, anachonga magurudumu, kisha anayavisha ukanda wa tairi kuukuu na kuupigilia misumari. Kipande cha raba kilichowekwa juu ya gurudumu la nyuma ndicho breki: dereva hukikanyaga kwa kisigino. Kwenye tambarare hupiga goti juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Kazi ya fundi huchukua siku moja hadi tatu, na chukudu kubwa hubeba kilo 400 na zaidi.

Kwa umbo inafanana na mashine ya mbao aliyoiendesha Karl von Drais mjini Mannheim mwaka 1817, ile inayohesabiwa kuwa babu wa baiskeli. Ila ya Drais ilimbeba mtu mmoja tu. Ya Kivu ilibuniwa kubeba chakula cha mji.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mitaa mingi ikabaki mawe meusi yenye makali, na juu ya mawe hayo gurudumu la mti halipati pancha. Vita vya Kivu navyo viliikuta chukudu kazini. Familia zilipokimbia mapigano, magodoro, masufuria na watoto vilipakiwa humo humo.

Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua sanamu ya rangi ya dhahabu ya dereva wa chukudu katikati ya mji. Ilikuwa heshima inayostahili, kwa maana ni nadra mchukuzi kusimamishwa mahali wanapowekwa marais na majenerali.

Lakini sanamu haifundishi kuchonga gurudumu. London ilipoondoa mabasi yake ya ghorofa ya Routemaster kwenye safari za kawaida mwaka 2005, hata yale ya mwisho kuundwa yalikuwa na zaidi ya miaka 35, na wapenzi wake waliyanunua na kuyatunza. Chukudu, kinyume chake, hudumu miaka miwili au mitatu, kisha husagika kwa kazi. Kwa hiyo cha kuhifadhiwa hapa ni ujuzi ulio mikononi mwa mafundi, na pikipiki zinavyozidi kugombania mizigo, vijana wanaojifunza ufundi huo wanahitaji sababu ya kuendelea.

Jimbo na vyuo vya Goma vinaweza kuanza bila fedha nyingi. Wazee waliochonga chukudu za mwanzo waulizwe wangali hai, vipimo vyao viandikwe, na chukudu moja itokayo barabarani inunuliwe kwa bei ya haki na kutunzwa pamoja na jina la fundi wake.