Arifa kwenye kompyuta: nani apige hodi, na saa gani

Makanisa mengi ya upande wetu wa mashariki yana kompyuta moja inayofanya kazi zote. Katibu anaandika humo barua na ripoti. Mweka hazina anajaza hesabu. Siku ya Jumapili mashine ileile inaunganishwa na projekta ili nyimbo na mafungu vionekane ukutani. Na karibu kila siku mtu fulani amefungua humo WhatsApp yake au barua pepe yake.

Kazi hizo zote zinakutana kwenye kona moja ya skrini: ile ya chini, upande wa kuume. Hapo ndipo vinatokea vile visanduku vidogo ambavyo wengi wetu tunaviita notifikasyo. Katika makala hii tutaviita arifa. Arifa ni ujumbe mfupi ambao programu inatuma ili mwenye mashine ajue kuna jambo: barua imefika, mtu ameandika, batri inaisha, programu mpya imepatikana.

Wengine wanaziona arifa kama usumbufu mdogo tu. Sisi tunaona zinastahili kuangaliwa vizuri, sababu ujumbe unaofika kwa mchungaji au kwa mzee wa kanisa mara nyingi ni siri ya mtu mwingine. Mama ameomba shauri juu ya nyumba yake. Familia iliyokimbia vita inaeleza mahali inapolala usiku huu. Kijana anaeleza majibu aliyopewa hospitalini. Jina la mtumaji na mstari wa kwanza wa ujumbe vikitokea ukutani mbele ya watu mia tatu, hakuna namna ya kuvirudisha. Mwenye siri ndiye anayeumia, hata kama hakuwa ndani ya kanisa siku hiyo.

Mahali pa kuanzia

Kompyuta nyingi kwetu zinatumia Windows kwa Kifaransa, kwa hiyo tutataja majina ya Kifaransa jinsi yanavyoonekana kwenye skrini. Kama mashine yako iko katika lugha nyingine, mpangilio wa kurasa ni uleule.

Bonyeza kifungo chenye alama ya Windows pamoja na herufi I. Ukurasa wa « Paramètres » unafunguka. Chagua « Système », kisha « Notifications ». Kwenye Windows 10 ukurasa huo unaitwa « Notifications et actions ».

Juu kabisa kuna swichi moja inayozima arifa zote. Hatushauri kuanza na hiyo, na tutaeleza sababu hapa chini. Shuka hadi kwenye orodha ya programu. Kila programu ina swichi yake. Ukibonyeza jina la programu, unaona mambo madogo unayoweza kuchagua: kisanduku kitokee au kisitokee, sauti isikike au isisikike, na maneno ya ujumbe yafichwe wakati kompyuta imefungwa kwa neno la siri. Hili la mwisho ni muhimu mahali ambapo watu wengi wanapita karibu na meza. Arifa itaonekana kwamba imefika, lakini maneno yake hayatasomeka.

Kwenye ukurasa huohuo kuna pia visanduku ambavyo Windows inavitumia kutoa mashauri na kutangaza mambo yake mapya. Unaweza kuviondoa alama vyote. Hutapoteza kitu.

Zipi zibaki, zipi ziondoke

Tunashauri kugawanya arifa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile za kulinda mashine na kazi: arifa za usalama wa Windows, batri inayoisha, na nafasi ya kuhifadhi inayojaa. Hizo ziache. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, arifa ya batri peke yake inaweza kuokoa kazi ya siku nzima. Ndiyo sababu hatupendi ile swichi ya kuzima yote.

Fungu la pili ni za watu: WhatsApp, barua pepe, kalenda ya mikutano. Hizo zinahitaji saa yake. Tutazirudia.

Fungu la tatu ni za biashara: michezo, maduka, kurasa za habari, programu zilizokuja pamoja na mashine wakati wa kuinunua. Hizo zima zote bila kufikiri sana. Ukiona baadaye kwamba moja ilikufaa, utairudisha kwa swichi ileile.

Kuna pia programu zinazoamka zenyewe kila mara kompyuta inapowashwa, kisha zinaanza kutuma arifa na kuvuta intaneti. Ili kuzizuia, ingia tena « Paramètres », chagua « Applications », kisha « Démarrage ». Zima zile usizozihitaji asubuhi. Mashine itawaka haraka zaidi pia.

Saa ya kunyamaza

Windows 11 ina swichi inayoitwa « Ne pas déranger ». Kwenye Windows 10, kazi hiyo inafanywa na « Assistant de concentration ». Ukiiwasha, arifa haziruki tena kwenye skrini. Hazipotei: zinakusanywa mahali pamoja, na unazisoma ukiwa tayari. Kwenye Windows 11 unazikuta kwa kubonyeza kifungo cha Windows pamoja na N. Kwenye Windows 10 ni kifungo cha Windows pamoja na A.

Unaweza pia kuipangia saa ijiwashe yenyewe. Kwa mfano, kama mweka hazina anafunga hesabu kila Jumatatu asubuhi, panga ukimya kuanzia saa mbili hadi saa tano. Angalia tu kwamba mashine inahesabu saa kwa namna ya Kifaransa: saa mbili asubuhi inaandikwa 08:00. Wapo wanaosema kwamba mtu wa kanisa hapaswi kujifungia hivyo, sababu mtu anaweza kuhitaji msaada. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini mtu mwenye shida ya haraka anapiga simu. Na mtu aliyeacha hesabu mara ishirini ili kusoma ujumbe, anaporudi hajui tena alifikia mstari gani. Hesabu ya sadaka inahitaji ukimya kama kazi nyingine yoyote ya uaminifu.

Kompyuta inapounganishwa na projekta

Hapa ndipo hatari ni kubwa zaidi. Bonyeza kifungo cha Windows pamoja na P. Utaona njia nne. Mbili zinahusu jambo letu.

« Dupliquer » inaonyesha ukutani kila kitu kilicho kwenye kompyuta, na arifa pia. Windows ina swichi ya kunyamazisha arifa yenyewe wakati huo, lakini iko kati ya zile zinazoweza kuzimwa. Basi hakikisha imewashwa kabla ya siku ya ibada. Kwenye Windows 11 utaikuta kwenye ukurasa uleule wa « Notifications »; kwenye Windows 10 iko katika « Assistant de concentration ».

« Étendre » inafanya ukuta kuwa skrini ya pili. Programu ya nyimbo inaonekana ukutani, na anayeongoza mashine anabaki na skrini yake. Arifa za Windows zinatokea kwenye skrini kuu. Kwa hiyo, kama kompyuta yenyewe ndiyo skrini kuu, watu hawazioni. Tunapendelea njia hii. Lakini jaribu mapema: mara nyingine mtu amekwisha kugeuza mpangilio, na ukuta ndio umekuwa skrini kuu.

Hata hivyo, usitegemee swichi peke yake. WhatsApp ikiwa wazi ndani ya kurasa za intaneti inaweza kupiga sauti yake yenyewe. Ifunge kabisa kabla ya ibada. Na ukitaka kuitumia siku nyingine, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya arifa, uzime sauti na uondoe ile inayoonyesha maneno ya ujumbe. Vikundi vyenye kelele unaweza kuvinyamazisha kwa saa 8, kwa juma moja, au kwa siku zote.

Tena, kama mchungaji aliunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya kanisa, haiondoki kwa sababu yeye ameondoka. Inabaki humo. Ili kuitoa, achukue simu yake, afungue WhatsApp, aingie « Appareils connectés », abonyeze jina la kompyuta hiyo, na kuitenganisha. Hilo lifanywe kila mara mtumishi anapohamishwa au mashine inapopelekwa kwa fundi.

Arifa za uongo

Tunataka kukaa kidogo hapa, sababu watu wengi wanadanganywa kwa njia hii. Tangu 2015, Chrome inaruhusu kurasa za intaneti kutuma arifa hata wakati hujafungua ukurasa huo. Lakini lazima kwanza wewe uruhusu. Ukurasa unauliza, na unachagua kati ya « Autoriser » na « Bloquer ».

Kurasa mbaya zinatumia ujanja. Zinasema: bonyeza « Autoriser » ili video ianze, au ili kuhakikisha wewe si roboti. Ukibonyeza, video haianzi. Badala yake, kuanzia siku hiyo kona ya skrini inajaa maonyo: kompyuta yako ina virusi kumi, ulinzi wako umeisha, lipa sasa, piga namba hii. Mara nyingine zinachora alama ya kampuni inayojulikana. Mtu anaogopa, anapeleka mashine kwa fundi, au analipa fedha.

Mara nyingi mashine haina ugonjwa. Ina ruhusa moja tu iliyotolewa vibaya. Namna ya kutambua: angalia kwa makini ndani ya kisanduku. Arifa iliyotoka kwenye ukurasa wa intaneti inaonyesha jina la Chrome au la programu nyingine ya intaneti, pamoja na anwani ya ukurasa ulioituma. Onyo la kweli la usalama wa Windows halileti anwani ya ukurasa wa intaneti, wala halikuombi upige simu.

Dawa yake ni hii. Usibonyeze ndani ya kisanduku. Fungua Chrome, ingia « Paramètres », kisha « Confidentialité et sécurité », kisha « Paramètres des sites », kisha « Notifications ». Utaona orodha ya kurasa ulizoziruhusu. Ondoa kila jina usilolijua. Kwenye ukurasa huohuo unaweza kuchagua kwamba hakuna ukurasa utakaouliza tena. Kwenye Firefox, mambo hayo yako katika « Vie privée et sécurité », sehemu ya « Permissions ».

Kama tayari ulitoa fedha au neno la siri, kuondoa ruhusa hakutoshi. Badilisha neno la siri siku hiyohiyo, na umjulishe anayeshughulika na fedha za kanisa.

Na mega zetu?

Arifa yenyewe ni nyepesi. Kinachokula mega ni kile kinachofuata nyuma yake: picha na video zinazojipakua, programu zinazojifanya upya. Mashine ikipata intaneti kupitia simu, mara nyingi haijui kwamba unalipa kila mega. Iambie. Ingia « Paramètres », « Réseau et Internet », chagua Wi-Fi ya simu yako, kisha washa « Connexion limitée ». Windows itapunguza kazi zake za kujipakulia vitu. Lakini usiiache hivyo miezi yote. Siku unapopata intaneti nzuri, izime ili mashine ipokee marekebisho ya usalama. Wenye Windows 10 wakumbuke kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla ya ibada au mkutano

Tunashauri karatasi ndogo ibandikwe karibu na mashine, na mtu mmoja apewe kazi ya kuifuata:

1. Funga WhatsApp, barua pepe na kurasa zote za intaneti.
2. Washa « Ne pas déranger » au « Assistant de concentration ».
3. Kama hakuna kazi ya intaneti, zima Wi-Fi.
4. Bonyeza Windows na P, chagua « Étendre », na uangalie ukutani kabla watu hawajaingia.
5. Baada ya ibada, rudisha arifa, na usome zile zilizokusanyika. Huenda kuna mtu anayengoja jibu.

Hatua hizo tano zinachukua dakika tatu hivi. Kijana yeyote wa kwaya anayejua kuwasha kompyuta anaweza kufundishwa kuzifanya, na ni vizuri wafundishwe wawili, ili mmoja akisafiri mwingine awepo.