Vugha, Mji wa Mvua Uliozimwa na Ugomvi wa Nyumbani

Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa katika Uwanja wa Majimaji, Songea, kwenye kilele cha Tamasha la Kitaifa la Utamaduni. Tangu mwaka 2022 matamasha ya namna hii yamerudi kwa kishindo. Machifu wanatoa ngozi na mikuki iliyofungiwa masandukuni, vikundi vya ngoma vinapanda magari kutoka wilayani, na kila mkoa unaleta ulicho nacho. Ni jambo jema, tena lilichelewa. Lakini kwa mtu wa Lushoto au Bumbuli linazusha swali ambalo jukwaa la Songea haliwezi kulijibu. Wasambaa walikuwa na sherehe gani wao wenyewe, kabla ya kuitwa mahali wakacheze dakika kumi na kushuka?

Jibu liko Vugha. Kijiji hicho hakiko mbali na Soni, ila kiko nje ya barabara kuu inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, na wageni wengi wa Usambara hupita wakielekea Irente na msitu wa Magamba bila kujua kwamba wameacha nyuma yao makaburi ya wafalme. Hapo ndipo alipokaa Simba Mwene, mfalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, na hapo ndipo Shambaai nzima, yaani nchi ya Wasambaa, ilipokutana na mvua yake.

Habari za Vugha tunazipata zaidi kwa watu wawili. Wa kwanza ni Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na Wakilindi, akawatumikia, baadaye akawa liwali wa Tanga. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na wamisionari Waanglikana wa UMCA huko Magila kuanzia mwaka 1895, na hadi leo ni miongoni mwa vitabu vya historia vitamu kuliko vyote vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Wa pili ni Steven Feierman, Mmarekani aliyekaa na wazee wa Usambara miaka ya 1960 akachapisha historia ya ufalme huo mwaka 1974, kisha kitabu kingine mwaka 1990 kuhusu wakulima na fikra zao za utawala. Abdallah anatazama kutoka barazani kwa wakubwa. Feierman anatazama kutoka shambani kwenye migomba. Wote wawili, wakifika Vugha, wanazungumza juu ya chakula.

Mwanzo wake kila Msambaa anaujua. Mbegha alitoka Ungulu, mwindaji aliyenyimwa urithi kwa sababu alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akapita Kilindi, akapanda milima akiwa na mbwa wake na dawa zake. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Akiwa njiani kwenda Vugha alimuua simba, na kwa simba huyo akapata jina la ufalme. Hayo yalikuwa karne ya 18. Tuliosoma shule za milimani tulisimuliwa habari hii kama hadithi ya shujaa na mbwa wake. Ukiitazama kwa jicho la Feierman, inageuka kuwa mapatano. Mwindaji analeta nyama na ulinzi, mkulima analeta ndizi na mahindi, na kila upande unamshikilia mwenzake kwa tumbo.

Sherehe zote za Vugha zilijengwa juu ya mapatano hayo. Usambara ina majira ya mvua zaidi ya moja: mvua kubwa za masika, mvua za vuli, na manyunyu ya katikati ya mwaka yanayomwezesha mtu wa milimani kupanda wakati nyika ya Mkomazi imekauka. Mvua moja ikikosa, nyingine huokoa. Zikikosa mbili mfululizo, ni njaa. Nyumbani, kila ukoo uliwafanyia wazee wake waliokufa fika, yaani tambiko, kwa mnyama aliyechinjwa na nyama iliyogawanywa kwa ndugu wote, na pombe ya miwa ikanyweka. Lakini mvua ya nchi nzima haikuwa kazi ya ukoo mmoja. Ilikuwa kazi ya mfalme, naye alipelekewa kodi kwa sababu hiyo. Mfalme mwenye nguvu zisizo na mpinzani aliiponya nchi. Wakubwa wawili wenye nguvu zinazolingana, wakivutana, waliiharibu, na alama ya uharibifu ilikuwa anga kavu.

Siku iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kumtawaza mfalme mpya. Mfalme akifa, kifo chake kilifichwa. Mrithi alikuwa Bumbuli, kwa maana Bumbuli ilikuwa ndiyo kiti cha mwana wa kurithi, na hakutakiwa kukaa Vugha baba yake akiwa hai. Aliletwa usiku, mzee akazikwa usiku, na kulipokucha ngoma ya kifalme ikalia na watu wakamkuta mfalme kitini kana kwamba nchi haikulala hata saa moja bila mwenyewe. Walimshangilia kwa kumwita Mbogho, nyati. Kisha likafuata jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha sherehe yote: watu walimweleza usoni wanachokitaka. Walitaka mvua, walitaka chakula, na walimwonya kwamba asipowatunza watamwondoa. Maneno hayo hayakuwa ya uasi wala ya kunong'onezwa pembeni. Yalikuwa sehemu ya ibada, yanatarajiwa, yasipotamkwa sherehe haijatimia.

Utawala wa Kimweri ye Nyumbai ndio uliofikisha mambo haya kileleni. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848, akarudi 1852. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipanda mwaka 1857, wakamkuta mzee sana, na Burton anaandika kwamba mfalme alitaka dawa ya kumrudishia nguvu zake. Burton, kwa kawaida yake ya kuwadharau Waafrika, aliona kichekesho hapo. Hakuelewa kwamba katika nchi ile mwili wa mfalme haukuwa jambo la mfalme peke yake. Kimweri alijua fika nini kingefuata akifumba macho. Alikuwa ameweka wana wake kila pembe ya nchi kuwa watawala wadogo, kila mmoja na mama yake, kila mmoja na watu wake.

Alikufa mwaka 1862, na hapa ndipo penye habari yenyewe.

Mwana aliyekuwa Bumbuli alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo kiti kikamwendea mjukuu, Shekulwavu. Taratibu zilifuatwa, na kijana akawa mfalme halali. Lakini baba zake wadogo walikuwa watu wazima wenye ndevu, na aliyekuwa na nguvu kuliko wote alikuwa Semboja, mtawala wa Mazinde. Ukiisoma ramani utaielewa vita yote. Vugha iko juu, kwenye ubaridi na ukungu, mahali pa migomba na matambiko. Mazinde iko chini, tambarare, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kuelekea bara. Juu kulikuwa na uhalali. Chini kulikuwa na pembe za ndovu, baruti na bunduki. Semboja alikuwa na urafiki na wafanyabiashara wa pwani, na alijua bei ya risasi kuliko mtu yeyote wa mlimani.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliivamia Vugha na kuiteka. Shekulwavu alikimbilia upande wa Wabondei, na katika kutafuta msaada akawapa uhuru dhidi ya Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Wabondei hawakungoja kuambiwa mara mbili. Waliinuka katika vita walivyoviita Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliokuwa kwao. Shekulwavu mwenyewe hakuishi muda mrefu baada ya hapo, na ndugu zake wakaendeleza vita. Kwa zaidi ya miaka ishirini nchi iligawanyika vipande. Kila mwenye bunduki alihitaji baruti, na baruti ilinunuliwa kwa watu. Wasambaa waliuzana. Watoto waliochukuliwa kwenye migomba ya Usambara waliishia Pangani na ng'ambo ya bahari.

Jambo moja katika ushindi wa Semboja halijapewa uzito unaostahili. Alipoiteka Vugha, hakuhamia. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, akae kwenye kiti cha mfalme, na yeye akarudi Mazinde kwenye biashara yake. Kwa mara ya kwanza tangu Mbegha, mwenye nguvu na mwenye mvua hawakuwa mtu mmoja. Vugha ilibaki na ngoma, makaburi na taratibu zake, lakini watu waliopanda kwenda kudai mvua na chakula walikuwa wakimwambia kijana asiye na uwezo wa kuwapa wala kuwanyima. Mwenye uwezo alikuwa bondeni akihesabu bunduki.

Ndiyo maana nakataa maelezo mepesi tunayoyasikia kila yanapotajwa matamasha, kwamba utamaduni wa Usambara uliuawa na Wajerumani na wamisionari. Walikuta jeraha lililokwisha kuoza. Ni kweli waliongeza chumvi: Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa mwaka 1895, wakamweka Kinyashi, wakahamishia makao ya serikali Lushoto, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao, na sikukuu rasmi ya nchi ikawa siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 27 Januari. Wamisionari walifungua kituo Mlalo mwaka 1891 na Vugha kwenyewe mwaka 1895. Uislamu ulikwisha kupanda mlimani kwa njia ya misafara, na familia ya Semboja ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuupokea. Krismasi, Iddi na Maulidi vikawa sikukuu za milimani, na ni sikukuu zetu kweli, zina mizizi na zina furaha. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayompa mkulima nafasi ya kumwambia mtawala wake ana kwa ana kuhusu njaa.

Waingereza waliwarudisha Wakilindi kitini katika miaka ya 1920 kama watawala wa kienyeji, wakiwa na vitabu vya kodi. Watu hawakusahau mapatano ya zamani. Serikali ilipoanza mwaka 1946 kuwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu iliyowaangukia hasa wanawake, lawama hazikuishia kwa bwana shamba. Mfalme Magogo alishutumiwa kwamba anaiharibu nchi, watu wakamtaka aondoke, na mwaka 1947 akaachia kiti. Wazee waliokuwa hai wakati ule walijua wanafanya nini. Waliyatimiza maneno ambayo babu zao waliyatamka mbele ya kila mfalme alfajiri ya kutawazwa kwake.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni na kuwahimiza Watanganyika wazionee fahari ngoma zao. Majuma machache baadaye, kuingia mwaka 1963, utawala wa machifu ulifutwa, na Kimweri mwingine, aliyerithi baada ya Magogo, akawa raia kama wengine. Ngoma zilibaki bila kiti kilichozibeba. Mdumange, ngoma ya Wasambaa, ikawa ya kuwakaribisha viongozi, ya Saba Saba na mbio za Mwenge. Miaka iliyofuata, ukiwauliza watu wa milimani kuhusu sherehe, wangekutajia safari ya Desemba, mabasi kutoka Dar es Salaam yaliyojaa hadi mlangoni.

Kuna nchi zilizolinda sikukuu zao za majira kwa makusudi. Mwaka uleule wa 1891 wamisionari walipofika Mlalo, Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, makumbusho ya wazi yenye nyumba za vijijini zilizobomolewa na kujengwa upya hapo. Viwanda vilikuwa vinawahamisha Waswidi mashambani, na yeye akataka sikukuu zao zisipotee njiani. Leo kila Juni Waswidi wanacheza kuizunguka nguzo iliyovishwa majani na maua, jua likikataa kuzama. Gwaride la Lucia la Desemba 13, linaloongozwa na msichana mwenye mishumaa kichwani, lilienea mijini baada ya gazeti moja la Stockholm kuandaa shindano mwaka 1927. Watu wa nchi yenye giza la miezi wanasherehekea mwanga. Sisi tulisherehekea mvua, na tulikuwa na sababu nzito kuliko yao.

Kwa hiyo Tamasha la Utamaduni la Usambara, litakapofanyika, lisifanyike kwenye uwanja wa mpira wa Lushoto. Lifanyike Vugha, mwanzoni mwa vuli, makaburi yakiwa yamefyekwa na majina ya wafalme yakiwa yameandikwa: Buge, Kinyashi wa kale, Kimweri ye Nyumbai, na Shekulwavu pia, ambaye hatajwi. Wazee wa koo waitwe wakiwa wenye shughuli, si wakiwa mapambo. Na mkulima wa Mponde au Mgwashi apewe nafasi ya kusimama mbele ya mgeni rasmi, awe mkuu wa wilaya au waziri, amwambie bei ya chai imeangukia wapi na barabara ya kwao ikoje masika, na mgeni rasmi asikilize hadi mwisho bila kumpokonya kipaza sauti. Vugha iko Halmashauri ya Bumbuli, hoteli na wageni wako Lushoto. Halmashauri hizo mbili zilikuwa moja hadi juzi tu, na ofisi zao haziko mbali kiasi cha kushindwa kukaa meza moja kabla ya Oktoba.